Chuma Juu ya Vikombe vya Mahesh

GATIMU: Haloo! Hapa ni kiwanda ya kahawa, Gakindu. Nani huyo?

MUTAHI: Afande? Ni mimi—

GATIMU: Nani? Ongea kwa nguvu! Mashine inamenya kahawa hapa nyuma yangu.

MUTAHI: Mutahi! Mutahi wa Waithira! Niko Nyeri mjini, kwa simu ya posta!

GATIMU: Ooh, kijana wangu wa chuma! Uko salama? Mvua iko aje huko?

MUTAHI: Inanyesha kama imetumwa. Na nyumbani? Mama Wacera hajambo?

GATIMU: Hajambo, ananipikia na kunigombeza, yote mawili. Sema haraka, niko na kina mama kama arobaini kwa laini na madebe ya kahawa, na mizani haijisomi.

MUTAHI: Afande, kwanza ile fomu ya mashindano. Umeweka sahihi?

GATIMU: Iko hapa kwa mfuko ya koti. Naweka sahihi jioni, kesho asubuhi inakuja na lori ya chama ya kahawa. Si tulikubaliana?

MUTAHI: Weka saa hii.

GATIMU: Kwa nini? Kalamu inakimbia?

MUTAHI: Hapana, ni... nataka tu nijue imeisha. Jumamosi si mbali. Bila sahihi ya mwalimu hata geti ya uwanja hawanifungulii.

GATIMU: Jumamosi ni keshokutwa, Mutahi. Mimi pia niko na kalenda.

[Laini inakwaruza.]

MUTAHI: Haloo? Uko?

GATIMU: Niko. Mbona unapumua hivyo?

MUTAHI: Nimetembea.

GATIMU: Kutoka wapi?

MUTAHI: Ruring'u.

GATIMU: Ruring'u mpaka posta ndiyo inakutoa pumzi? Mtu wa chuma? Umetoka saa ngapi?

MUTAHI: Saa saba hivi.

GATIMU: Na sasa ni saa nane na nusu. Ulikuwa unavuta punda ama punda ndiye alikuwa anakuvuta?

MUTAHI: Tope, afande! Barabara imekuwa uji. Wacha hiyo. Nimekupigia juu ya Mahesh.

GATIMU: Tena?

MUTAHI: Tena! Amenichosha mpaka kwa meno. Amenipatia notisi. Imeandikwa, ikawekwa chini ya mlango kama barua ya serikali. Ati nikipiga kishindo moja tu, moja, natoa vitu zangu.

GATIMU: Si ulisema mlipatana?

MUTAHI: Tulipatana nikiwa sijui ni kupatana na nani! Hii nyumba hukuiona. Mimi niko juu, sakafu ni mbao. Yeye chini yangu ameweka duka. Na anauza nini? Si mabati, si mbolea. Vikombe! Sahani, glasi, birika za maua maua. Mtu na akili yake anapanga glasi mpaka karibu na dari, halafu anapangisha juu kwa mtu wa kubeba chuma.

GATIMU: Ulimwambia unabeba chuma wakati ulikuwa unapanga?

MUTAHI: ...Nilimwambia mimi ni karani.

GATIMU: Ehe.

MUTAHI: Na mimi si ni karani? Mpaka mwezi wa sita, kandarasi ikiisha.

GATIMU: Ehe, endelea kulia.

MUTAHI: Silii! Siku ya kwanza nikaachilia chuma vile ulitufundisha kule ukumbini, ikaanguka puu! Kabla sijashika kiuno yeye yuko mlangoni. Ameshika mkono ya kikombe. Mkono tu, afande. Kikombe yenyewe haikuwa.

GATIMU: [anacheka] Na wewe ukasema nini?

MUTAHI: Nikasema pole. Ningesema nini? Nikatafuta magunia ya kahawa, yale ulinipatia, nikakunja nne nne. Bado inalia. Nikaweka godoro. Godoro ikateleza, karibu nilale na chuma kifuani.

GATIMU: Godoro! Nani alikwambia godoro? Mtu anainua kilo tisini amesimama kwa kitu laini?

MUTAHI: Sikuwa nimesimama kwa godoro, chuma ndiyo ilikuwa—

GATIMU: Ni kitu moja! Ikianguka vibaya inaruka mahali haukungoja. Nilikuandikia ufanye nini?

MUTAHI: Nilifanya. Nilifanya yote. Nilienda kwa mashine ya mbao nikaomba vumbi ya randa, nikajaza gunia mbili, nikashona. Juu nikaweka mbao nzito. Nikaenda sokoni kwa yule mzee wa viatu vya akala, akanikatia mipira ya tairi, nikazungushia ile mikebe ya simiti yote, ile ndiyo uzito ya chuma yangu. Hata nikatoka katikati ya nyumba nikasogea kwa ukuta, mahali boriti inakaa, vile ulisema.

GATIMU: Vizuri. Katikati ya sakafu ni ngoma. Kwa ukuta nyumba inakusaidia.

MUTAHI: Ikapunguka. Kweli ikapunguka. Lakini bado inafanya "du". Kidogo tu, du, kama mtu amekaa kwa kitanda. Na hiyo "du" Mahesh anaihesabu! Asubuhi nikipita dukani ananiambia, leo umefanya kumi na nane. Mtu anakusikiliza kama redio!

GATIMU: Na si utoke nje? Uwanja wa Ruring'u uko hapo. Udongo hauna mwenye duka.

MUTAHI: Kwa hii mvua? Nilijaribu wiki jana. Mguu moja ikaenda Othaya na ingine Karatina. Na ukumbi umefungwa tangu Januari, ati paa. Paa gani inatengenezwa miezi nne?

GATIMU: Nilikwambia ukuje huku. Hapa kiwandani hata ukiangusha lori hakuna mtu atageuka.

MUTAHI: Na kazi niachie nani? Nikiachwa leo nakula nini mpaka Jumamosi?

[Tit-tit-tit.]

MUTAHI: Ngoja, inalia. [Shilingi inaingia.] Haya. Sasa nakuambia, afande, mimi nimekuwa nikiinua chuma kama mwizi. Saa kumi na moja asubuhi, bila viatu, bila kusema hata "hei". Meno nimefunga. Hata pumzi naitoa kwa pua polepole.

GATIMU: Hapana. Hapo umekosea. Pumzi inatoka kwa mdomo, na inatoka na sauti.

MUTAHI: Sauti ndiyo sina ruhusa!

GATIMU: Na Nderitu anasema nini? Si anasimama nyuma yako, ashike chuma ikikushinda?

[Mutahi anasafisha koo.]

GATIMU: Mutahi? Nderitu anasimama nyuma yako?

MUTAHI: Nilimwambia apumzike kidogo.

GATIMU: Apumzike? Tangu lini?

MUTAHI: Anavaa buti, afande. Na akipanda ngazi hiyo nyumba yote inajua. Halafu anacheka, unamjua Nderitu, anacheka kama trekta. Nikaona watu wawili ni kelele mara mbili.

GATIMU: Kwa hivyo unabeba peke yako.

MUTAHI: Wiki tatu tu.

GATIMU: Wiki tatu. Kilo tisini juu ya kichwa, asubuhi, giza, mlango umefungwa, peke yako. Juu ya vikombe.

MUTAHI: Si juu ya vikombe! Ni juu ya nyumba! Nikifukuzwa wiki ya mashindano nitalala wapi, kwa stendi? Wewe unajua wawili wa kwanza Jumamosi wanaandikwa kazi. Kazi, afande, na mshahara kila mwezi, si hii ya kuniambia "rudi Jumatatu tuone". Niko na miaka ishirini na sita. Mama ananiangalia tu siku hizi, hata haulizi.

GATIMU: Najua.

MUTAHI: Hujui vile anaangalia.

GATIMU: Waithira nimemjua kabla wewe uzaliwe. Najua vile anaangalia. [Anapiga kelele pembeni.] Ngojeni, mama! Hiyo kahawa haitatoroka! — Mutahi, na sasa kelele iko aje?

MUTAHI: Sasa hakuna. Imeisha kabisa. Hata du.

GATIMU: Imeisha aje?

MUTAHI: Si ile barua yako ya mwisho. Uliandika nikifika kushusha, nisiachilie. "Shusha polepole, kama unalaza mtoto." Nikafanya hivyo. Mahesh akaniuliza kama nimeacha.

GATIMU: Ehe, niliandika hivyo. Hebu niambie, unamlaza aje huyo mtoto?

MUTAHI: Aje namna gani?

GATIMU: Chuma iko kifuani. Sasa inashuka. Niambie mwili inafanya nini, pole pole, kama mimi ni kipofu.

MUTAHI: Si nainama tu.

GATIMU: Unainama na nini?

MUTAHI: Na mgongo. Mtu akilaza mtoto kwa kitanda si anainama? Mikono inanyooka, mgongo inashuka, unamweka pale mbele asiamke.

GATIMU: Na magoti?

MUTAHI: Magoti imenyooka.

[Mashine ya kahawa peke yake inasikika.]

MUTAHI: Afande? Laini imekatika?

GATIMU: Haijakatika.

MUTAHI: Mbona umenyamaza?

GATIMU: Kilo tisini, Mutahi. Na mgongo imepinda kama jembe. Wiki tatu.

MUTAHI: Lakini wewe ndiye—

GATIMU: Mimi ndiye niliandika. Najua. Usinikumbushe. Nilikuwa nafikiria upole, sikuwa nafikiria kitanda! Chuma inashushwa na magoti! Unakaa nayo chini, kifua juu, mgongo wima kama nguzo ya stima. Nilikufundisha miaka minne, halafu ukaona barua ya mstari moja ukaacha yote?

MUTAHI: Nilifikiri ni mtindo mpya.

GATIMU: Ngai mwema. [Anapumua.] Mgongo iko aje?

MUTAHI: Iko.

GATIMU: Sikuuliza kama iko.

MUTAHI: Ni mzima. Mchovu tu kidogo, kama kawaida. Hata Rasila amesema mafuta yake yatatoa hiyo—

GATIMU: Rasila ni nani?

MUTAHI: Ni... mama ya Mahesh. Anaishi nyuma ya duka.

GATIMU: Na mafuta ni ya nini?

MUTAHI: Ya kuchua. Ya kawaida tu, afande. Ana chupa nyingi.

GATIMU: Mama ya mtu anayetaka kukufukuza amekuletea mafuta ya kuchua. Amepanda ngazi na miaka yake. Kwa nini?

MUTAHI: Alisema... Jumatatu asubuhi hakusikia kitu. Amezoea akisali anasikia mbao za sakafu zikilia kidogo kule juu, nikianza na yeye anaanza. Sasa Jumatatu nikaanza, halafu ikanyamaza katikati. Kabisa. Akaona si kawaida, akapanda.

GATIMU: Akakuta nini?

MUTAHI: Nimekaa.

GATIMU: Umekaa wapi?

MUTAHI: Chini.

GATIMU: Umekaa, ama umelala?

MUTAHI: Afande, nilikuwa napumzika! Mtu hapumziki? Akanipatia mafuta, akanipatia chai ya tangawizi, akamgombeza mtoto wake kwa Kihindi nusu saa. Basi. Jumanne nilienda kazi. Leo nimekuja mpaka hapa kwa miguu yangu. Mtu ameumia anatembea Ruring'u mpaka mjini?

GATIMU: Saa moja na nusu.

MUTAHI: Tope!

[Laini inakwaruza. Tit-tit-tit.]

MUTAHI: Ngoja. [Shilingi inaingia.] Nimebaki na moja. Afande, nisikie. Tafadhali.

GATIMU: Nisikie wewe kwanza. Hapa kiwandani mimi nimekaa kwa stuli miaka kumi na moja. Umeshawahi kujiuliza ni kwa nini?

MUTAHI: Si wewe ndiye karani wa mizani.

GATIMU: Makarani wengine wanainua magunia, wanapakia lori pamoja na vijana. Mimi nashika kalamu. Watu wanasema Gatimu ana maringo ya jeshi. Wacha waseme. Unajua ni nani ananifunga kamba ya kiatu asubuhi?

MUTAHI: ...Sijui.

GATIMU: Ni Mama Wacera. Anapiga magoti hapo kitandani, ananifunga, halafu ananyamaza. Hakuna siku amesema kitu. Ilikuwa kambini Nanyuki, wiki ya mashindano kama hii yako. Nilisikia kitu imefanya "ta" hapa chini ya mgongo, ndogo, kama kuvunja kijiti. Nikasema ni uchovu. Nikasema baada ya Jumamosi nitapumzika.

MUTAHI: Hukutuambia hiyo.

GATIMU: Ningewaambia ili iweje? Nyinyi mlikuwa vijana, mlikuwa mnataka kuona misuli. Mutahi. Ilifanya "ta"?

MUTAHI: Hapana.

GATIMU: Apa.

MUTAHI: Haki ya Mungu, afande. Haikufanya ta.

GATIMU: Ilifanya nini?

MUTAHI: Haikufanya kitu! Mnanishika kila upande! Mahesh anahesabu kelele yangu, ofisi inahesabu siku zangu, sasa wewe unahesabu mgongo yangu! Nimefanya hii kitu miaka minne bila mtu kunilipa hata senti, nimekula githeri ya jana ili ninunue mayai, nimebeba simiti na mikebe ya rangi, simiti, wakati wengine wako na chuma ya kweli kutoka ng'ambo! Nimenyamaza mpaka nimesahau sauti yangu! Mara tatu tu, afande. Jumamosi nainua mara tatu tu, halafu inaisha. Mara tatu siwezi kweli? Weka sahihi. Nakuomba kama baba.

[Mashine inanguruma.]

GATIMU: Uko na uchungu.

MUTAHI: Ndiyo niko na uchungu! Ya moyo!

GATIMU: Haya.

MUTAHI: Haya nini?

GATIMU: Wewe si mtoto. Umeapa, na mimi sina darubini ya kuona ndani ya mtu. Ngoja nitoe fomu. [Karatasi inakunjuliwa.] Imelowa kidogo, kwa hii koti. Kalamu... we Moffat, nipatie hiyo kalamu. Hapana, ya bluu. Haya. Lakini Jumamosi nakuja mwenyewe, nasimama nyuma yako, na nikisema acha, unaacha. Umesikia?

MUTAHI: Nimesikia! Asante, afande. Asante sana. Mungu akuweke.

GATIMU: Na leo, kesho, usiguse chuma. Hata ndoo ya maji usibebe.

MUTAHI: Sitabeba.

GATIMU: Na Nderitu arudi. Avue buti, apande na soksi kama anaogopa.

MUTAHI: [anacheka, halafu anajizuia ghafla] Ai—

GATIMU: Nini?

MUTAHI: Hakuna. Nimegonga kiwiko kwa hii kibanda. Ni nyembamba.

GATIMU: Haya. Hapa imeandikwa "Mimi mwalimu wa mshindani aliyetajwa hapo juu nathibitisha ya kwamba—"

[Tit-tit-tit.]

MUTAHI: Endelea tu, naweka shilingi ya mwisho! Endelea kuandi— Aah!

GATIMU: Nini tena?

MUTAHI: Imeniponyoka. Imeanguka.

GATIMU: Okota haraka, itakata.

MUTAHI: Naokota. Wewe endelea.

[Tit-tit-tit.]

GATIMU: Umeokota?

MUTAHI: Karibu.

GATIMU: Karibu aje? Imeingia wapi?

MUTAHI: Haijaingia mahali. Iko hapa.

GATIMU: Hapa wapi?

MUTAHI: ...Kwa kiatu.

GATIMU: Kiatu ya nani?

MUTAHI: Yangu.

GATIMU: Basi inama uichukue.

[Tit-tit-tit.]

GATIMU: Mutahi. Inama.

MUTAHI: Siwezi, afande.

[Kalamu inawekwa mezani.]

GATIMU: Tangu Jumatatu?

MUTAHI: Viatu zenyewe ni Rasila alinivalisha, na sijavua tangu hapo. Nalala nazo.

GATIMU: Uui, kijana wangu. Ni nani yuko hapo na wewe?

MUTAHI: Hakuna mtu. Ni mama mzee tu anangoja simu, ana mzigo ya kuni mgongoni, ananiangalia. Ameona shilingi. Anataka kuniokotea. — Hapana, cucu, wacha, wacha tu, mimi—

GATIMU: Mwache.

MUTAHI: Ni mzee, afande! Na huo mzigo wote! Mimi ndiye nafaa—

GATIMU: Mutahi, mwache akuokotee! Umenisikia? Mwache!

[Tit-tit.]

MUTAHI: Anashuka... Afande. Afande, anashuka na magoti. Mgongo wima, hata kuni haijatingi—

[Laini imekatika.]